Zabibu za Malimbuko

Mulinge alimwambia mamake mara ngapi? Nyekundu si kuiva. Alimwambia wakipalilia, akamwambia wakila: hapa Nunguni na hii baridi yetu, zabibu inashika rangi mapema, sukari inakuja baadaye ikijivuta. Si kama nyanya, mwaitu, mama yangu. Mamake akajibu, "Nimeskia," vile watu huambia mtoto anayesumbua.

Ni zabibu nyekundu za divai, ingawa mamake aliziita za juisi ili kanisa lisiongee. Mulinge alizipanda alipomaliza Form Four, aina isiyoshikwa na magonjwa. Na kweli, manyunyu yote ya Julai, nyanya za jirani yao Nyamai zilichomeka na ukungu hata na dawa juu, lakini majani ya zabibu yalibaki safi. Mamake wala hakushtuka. Neno lake lilikuwa moja: zikizaa kitu cha maana, zikae, zisipozaa, anang'oa anapanda avokado.

Sasa Jumapili Mulinge anafika kanisani amechelewa, anakuta nini huko mbele? Beseni la mamake, limejaa zabibu. Malimbuko! Matunda ya kwanza ni ya Mungu, na huyo mama hajawahi kumpangisha Mungu foleni. Alfajiri alikuwa amechuma safu yote ya juu.

Ibada ikaisha, sadaka za shamba zikatolewa nje kupigwa mnada. Mzee Musyimi, aliyekuwa akinadi, akainua kichala. "Nani anaonja za Mama Mulinge?"

Nyamai akarusha moja mdomoni. Jicho moja likafunga lenyewe. "Woi! Hii ni maji ya betri!"

Watu wakavunjika mbavu. Mulinge akamvuta mamake kando.

"Mwaitu, si nilikuambia?"

"Zilikuwa nyekundu."

"Hata taa ya breki ni nyekundu! Utaichuma?"

"Usinipigie kelele mbele ya nyumba ya Mungu."

Akachukua moja, akatafuna. Akameza kwa shida.

"Kumbe hii ndiyo nimempa Mungu?"

"Ndiyo hiyo."

"Safu ya chini bado iko?"

"Iko. Ikiachwa, itakuwa tamu."

"Basi iachwe. Na hizo miti mtu asiguse. Lazima nimletee yake vizuri, hii mwaka na ile ingine."

"Na avokado?"

"Avokado gani? Mimi ni wa kumkosea Mungu halafu ning'oe?"

Mulinge alitaka tu aambiwe, hata mara moja, kwamba alikuwa sawa. Lakini mamake alikuwa ashamuendea Nyamai, aliyeinama kando ya ukuta.

"Wewe, usiteme! Hiyo ni sadaka. Meza!"