Nusu Inchi ya Theluji

Mwaka wake wa kwanza kazini, Solveig Brandvold alijulikana kama mtu asiyecheka ovyo, na sifa hiyo haikumkera hata kidogo. Alikuwa ametoka Dakota Kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada, akaja Kaunti ya Tarver, Alabama, kuwa mkuu wa elimu mwenye dhamana ya shule zote sita za huko. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mrefu kuliko wanaume wengi wa ofisini, na hatua zake zilikuwa za mtu anayepanda ngazi hata pale sakafu ilipokuwa tambarare. Watu walimheshimu. Kumpenda, walikuwa hawajaamua.

Jumatatu moja mwanzoni mwa Februari, Odell Pettway alibisha mlango wa ofisi yake. Odell alikuwa msimamizi wa mabasi ya shule kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuwa mtu wa kupanda ghorofani bila kuitwa.

"Bi Solveig, umesikia habari za kesho?"

"Nimesikia. Theluji, nusu inchi."

"Saa nne asubuhi inaanza. Mimi nasema tufunge shule."

Solveig alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Bwana Odell, nusu inchi hata soli ya kiatu haizami."

"Soli haizami. Gurudumu linateleza."

"Kwetu nilikuwa nasimama njia panda kungoja basi, kope zimegandana kwa baridi. Na basi linakuja. Kila siku linakuja."

"Huko kwenu kuna magari ya kukwangua theluji barabarani?"

"Yapo."

"Mangapi?"

"Sijui. Mengi."

"Basi hapa tuna lori moja la kumwaga mchanga, na dereva wake kalazwa hospitali, kapasuliwa nyonga." Odell alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. "Siiogopi theluji, mama. Ninazijua tu barabara zetu. Lami ina joto, theluji inayeyuka, upepo unageuka, maji yanaganda, halafu gari linapita juu ya kioo."

Solveig alikuwa na sababu yake, na haikuwa ya kiburi peke yake. Katika kaunti ile, watoto wengi walipata mlo wao wa uhakika shuleni. Shule ikifungwa, wapo ambao wangeshinda na biskuti. Alimweleza Odell hivyo, na Odell akaitikia kwa kichwa polepole, kwa sababu alijua ni kweli.

"Tutafungua," Solveig alisema. "Mkizoea kufunga kwa kila wingu linalopita, watoto watasoma lini?"

Odell alivaa kofia yake. "Wewe ndiye mkubwa," alisema, akashuka ngazi.

Jioni ile Solveig alipita dukani kununua maziwa, akakuta rafu tupu. Mikate nayo ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wanasukumana na vikapu kama kuna sikukuu.

"Maziwa yameisha tangu saa tisa, mama," alisema msichana wa kaunta. Kisha akamtambua. "We! Si ndiwe mkuu wa elimu? Kweli kesho mnafungua?"

"Tunafungua. Kwani mnaogopa nini nyie?"

"Nani anaogopa? Tunafurahi! Mdogo wangu kaigeuza nguo yake ya kulalia, ndani kaileta nje. Hapa watoto wote wanalala hivyo wakiomba theluji. Ya mwisho tumeiona miaka minane iliyopita."

Solveig alitoka mikono mitupu, akicheka kimoyomoyo.

Asubuhi anga lilikuwa jeupe na barabara kavu. Mabasi yalitoka, watoto wakafika, na Solveig akahisi raha ya mtu aliyeshinda ubishi. Saa nne alikuwa katika shule ya msingi ya mjini, amesimama nyuma ya darasa la tatu akisikiliza somo la hesabu, pale chembe ya kwanza ilipopita dirishani.

Darasa lilikwisha palepale. Watoto walipanda viti, wakabandika pua kwenye vioo. Mwalimu alijaribu kuwaita, lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa inacheka. Msichana mmoja aliyevaa sweta ya njano, Keziah Stallworth, alimgeukia Solveig.

"Tuache tutoke, tafadhali. Kidogo tu."

"Itakuwepo mpaka mapumziko," Solveig alimjibu. "Theluji haikimbii."

Keziah alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo lisilo na maana kabisa, akarudi dirishani.

Saa tano na nusu simu ililia. Alikuwa Odell, na safari hii hakusalimia.

"Upepo umegeuka. Watoe watoto sasa hivi."

Solveig alitoa amri. Kumbe na ofisi zote za kaunti zilikuwa zimetoa amri ileile wakati uleule, kwa hiyo kila mwenye gari aliingia barabarani kwa pamoja. Kufikia saa saba, magari yalikuwa yamelala mitaroni kila upande, wazazi wakitembea kwa miguu kufuata watoto wao. Mabasi kumi na moja yalifika salama. Basi namba kumi na nne, la dereva Lurleen Mabry, lenye watoto ishirini na wawili wa shule ile ya mjini, lilikuwa limeonekana limekwama kwenye kilima cha Piney Gap, na simu ya Lurleen haikupatikana.

"Nakwenda mwenyewe," Solveig alimwambia Odell.

"Kwa gari gani?"

"Langu. Nimeendesha kwenye theluji tangu nina miaka kumi na minne, Bwana Odell."

Odell alikata simu kwenda kutafuta trekta.

Solveig aliendesha kama alivyofundishwa na baba yake: taratibu, gia ndogo, breki asiiguse. Maili mbili za kwanza alikwenda vizuri. Kwenye mteremko wa tatu gari liliacha kumsikiliza. Hakuwa amekosea chochote. Liliteleza tu lenyewe, kwa utulivu, kama sahani juu ya meza yenye maji, likaingia mtaroni ubavuubavu na kuzimika.

Alikaa kidogo ameshika usukani. Kwao theluji ilikuwa kavu, ikilia chini ya gurudumu kama sukari, na gurudumu liliing'ata. Hii haikuwa theluji aliyoijua. Hii ilikuwa maji yaliyogeuka kioo, na baba yake hakuwahi kumfundisha kitu juu yake.

Alitoka kupitia mlango wa abiria, akatembea. Alianguka mara mbili. Mara ya pili alijichuna kiganja. Alipoipita kona ya barabara akaliona basi. Lilikuwa limeegemea msonobari, pua imebonyea mpaka ndani, kioo cha mbele kimemwagika chote. Mlango ulikuwa wazi.

Solveig aliita. Hakuitikiwa. Alipanda ndani akashika viti kimoja kimoja, akiinama kutazama chini yake, na alipofika nyuma kabisa bila kukuta mtoto, akaketi. Ndipo alipoona kupitia dirishani nyayo ndogo nyingi zikipanda kando ya barabara, juu ya majani, si juu ya lami.

Alizifuata mpaka kwenye kanisa dogo la mbao. Kabla hajaliona, alisikia makelele, akaharakisha hatua, kisha akatambua ni makelele gani. Ni vicheko.

Watoto walikuwa wamejaa uani. Walikuwa wanakwangua nyasi kwa vitabu, kwa vifuniko vya sufuria, kwa mikono iliyovalishwa soksi. Walikuwa wamejenga mtu wa theluji mwenye kimo cha chupa, nusu yake udongo na majani ya msonobari. Bibi mmoja wa jirani, mfuko wa plastiki kichwani kujikinga, alikuwa anachota theluji safi iliyotua juu ya meza ya nje na kuichanganya na maziwa, sukari na vanila kwenye bakuli. Watoto walipanga mstari na vikombe.

Lurleen alikuwa amesimama mlangoni, sigara mkononi haijawashwa.

"Nililisikia linatambaa," alisema. "Nimekanyaga breki mpaka mwisho, nalo linatambaa tu. Nikawaambia shukeni mmoja mmoja, shikaneni mikono, tembeeni kwenye majani. Wa mwisho ameshuka, sijahesabu hata mia, basi likaondoka lenyewe. Lenyewe, Bi Solveig! Kama lina dereva."

Solveig alimkumbatia. Hakuwa mtu wa kukumbatia, na Lurleen alishtuka kidogo kabla ya kumlalia begani na kulia.

Keziah alikuja na kikombe, pua imekuwa nyekundu.

"Umechelewa," alisema. "Theluji yote tumeshaimaliza. Shika hii, bado kidogo."

Solveig aliionja. Ilikuwa tamu, baridi, ikayeyuka kabla hajaitambua vizuri. Miaka yote kule Dakota hakuwahi kuila.

"Huko kwenu mnacheza hivi kila siku?" Keziah aliuliza.

"Hapana."

"Kwa nini? Si mnayo nyingi?"

Kwao theluji ilikuwa kazi: koleo kabla ya chai, koleo baada ya shule. Na siku ambayo hata shule za kule zilifungwa, hakuna aliyepiga kelele za furaha. Baba yake alifunga kamba kutoka mlango wa nyumba mpaka zizini ili asipotee akienda kulisha ng'ombe. Mjomba wake Arne hakufunga kamba. Walimpata siku ya tatu, ameganda, hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Tangu hapo Solveig akisikia redioni kwamba shule zimefungwa, aliwaza nani safari hii hatarudi nyumbani. Alikuwa amekuja Alabama na wazo lilelile, akaona watu wanaofunga shule kwa nusu inchi, akawadharau. Hakuwahi kufikiri kwamba tangazo lilelile la kufunga shule linaweza kuwa msiba kwake na likawa sikukuu kwa mtoto huyu, na kwamba kwa Odell lilikuwa tahadhari tu ya mtu anayeijua kazi yake.

"Yetu ina upepo mkali," alimwambia Keziah mwishowe. "Yenu ni nzuri zaidi."

"Na ulituweka ndani tukifanya hesabu."

"Ndiyo. Nisamehe."

Keziah alifikiri. "Sawa," alisema, akakimbia kurudi kwa wenzake.

Saa kumi Odell alifika na trekta la mkulima jirani, magurudumu yamefungwa minyororo, likivuta tela lenye marobota ya nyasi. Alihesabu watoto mara mbili kabla ya kumgeukia Solveig.

"Mke wangu kaniagiza nikikuona nikutukane."

"Na wewe?"

"Nilisema nitapanga maneno njiani. Lakini njia ilikuwa inateleza mno."

"Nilikosea, Bwana Odell."

"Ulikosea, ndiyo," alisema, bila kulipunguza kosa lenyewe. "Nimepita karibu na basi. Nimeliona lile." Akageuka kuwapakia watoto.

Shule zilifungwa siku tatu. Wiki iliyofuata bodi ya shule ilikutana, ukumbi ukafurika. Solveig alisimama, akasema alionywa na mtu anayejua, na uamuzi ulikuwa wake peke yake. Baba mmoja alipiga kelele afukuzwe. Wajumbe walipiga kura, wanne wakataka abaki, watatu wakakataa. Wapo wazazi ambao hawakumsalimia tena dukani, naye hakuwalaumu.

Januari ya mwaka uliofuata watu wa hali ya hewa walitangaza inchi nzima. Solveig hakungoja Odell apande. Alishuka yeye mpaka karakana ya mabasi.

"Unaonaje?"

"Mimi ningefunga."

"Basi tunafunga. Leo kila mtoto anayehitaji apande basi na mfuko wa chakula cha siku mbili. Jikoni wameshaanza kukifungasha."

Odell alinyanyua nyusi, akaenda kuwaambia madereva.

Kesho yake jua lilitoka mapema. Kufikia saa tatu watu walikuwa nje na mashati ya mikono mifupi, mbwa wamelala vibarazani, na angani hakuna hata wingu. Simu ya Solveig ilikuwa imelia tangu saa kumi na mbili. Mama mmoja alimuuliza kama amekosa siku nzima ya kazi ili wanawe waote jua. Mwingine alimuuliza kama huko alikotoka wanafundishwa kusoma hali ya hewa.

Odell aliingia bila kubisha, akaweka vikombe viwili vya kahawa mezani.

"Wamekutukana?"

"Sana. Mmoja kanitukania mpaka marehemu bibi yangu."

"Basi sasa umekuwa wa hapa." Alivuta kiti akaketi, akaanza kucheka, na Solveig naye akashindwa kujizuia.

Simu ikalia tena. Solveig alifuta machozi, akajikohoza, akaipokea.

"Ndiyo, mama, ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyefunga."