Wiki ya Kukaa Bila Pikapu

Mtaani walimwita Mzee Pikapu. Jina lake la kuzaliwa wengi hawakulijua. Alikuwa fundi wa madirisha mpaka mgongo ulipomwambia basi. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, binti yao wa pekee kaolewa mbali, na nyumbani wakabaki yeye, redio, na pikapu iliyokohoa kila asubuhi kama mgonjwa wa kifua.

Binti ndiye aliyeanzisha maneno, kwa simu.

"Baba, hiyo pikapu inakunywa mafuta kama imetoka jangwani. Na usukani ule mgumu utakumaliza mgongo. Wape wauza magari, uchukue haibridi. Nitakuongezea kilichobaki."

Mzee akaenda kulijaribu hilo gari la petroli na umeme. Akabonyeza kitufe, akasubiri.

"Mbona haliwaki?"

"Limeshawaka, mzee," muuzaji akacheka.

Usukani ulikuwa mwepesi, kiti kikaupokea mgongo kama mama anavyopokea mwana. Hakuona pa kukosoa. Ila alipotazama nyuma, kwenye viti vile safi, akajiuliza atampakia nani.

Akarudi nyumbani na wazo lililomkosesha raha. Waliobisha hodi kwake wote waliifuata pikapu. Huyu anahama, yule ana saruji, mwingine kanunua kitanda. Pikapu ikiondoka, nani atakuja?

Basi akaipeleka gereji kubadilishwa klachi, akamwambia fundi asijisumbue kuharakisha. Alitaka kuona.

Akafagia uwanja. Akapika chai nyingi kuliko aliyoweza kunywa. Siku zikapita, mlango kimya. Mchana mmoja hodi ikapigwa, naye akainuka mbio hata kandambili moja ikabaki chini ya meza. Alikuwa jirani yake, mama mshonaji.

"Shikamoo, Mzee Pikapu. Mbona gari silioni?"

"Marahaba. Liko gereji."

"Alaa! Nahamisha kibanda, nilitaka unibebee cherehani. Haya, acha nikamtafute mwingine."

"Karibu hata chai, mama, ipo tayari..."

Alikuwa ameshafika getini.

Mzee akabaki mlangoni, mguu mmoja peku. Jibu alilipata, nalo chungu kama shubiri. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Yeye mwenyewe, tangu amzike mkewe, ni lini alibisha hodi kwa mtu bila kuitwa kubeba mzigo? Alitafuta siku hiyo kichwani, hakuiona.

Jioni akampigia binti. "Nalichukua hilo gari."

"Na pikapu, Baba? Kweli utaiacha?"

"Mgongo ni wangu, mwanangu. Wao watapata mwingine wa kuwabebea."

Siku ya kubadilishana alipapasa bodi ya pikapu, akageuka asiione ikiondoshwa. Kisha akaendesha mpaka kibanda kipya cha mshonaji.

"Hodi."

"Karibu! Umeniletea kitambaa?"

"Sijaleta kitu. Nimekuja kukujulia hali."

Mama yule akamtazama kama anayetafuta kilichofichwa. Kisha akaondoa nguo juu ya kigoda. "Kaa basi."

Wakaulizana habari za watoto, za jua, za kodi ya kibanda. Maneno yakaisha mapema, cherehani ikaendelea kuzungumza peke yake. Mzee hakuaga. Alibaki pale kigodani, mikono magotini, akitazama pindo la gauni la mtu mwingine likipita chini ya sindano.