Masinia Manne ya Njia Panda

Iwe wazi kwa wakazi wote wa Kuze, wageni wao, paka wao, na wote wapitao kwa magurudumu au kwa ndara: kuanzia leo njia panda iliyo nyuma ya madrasa imewekwa chini ya sheria. Kila ajaye, kutoka upande wowote, atasimama. Aliyetangulia kufika atatangulia kupita. Wakifika pamoja, kila mmoja atampisha aliye kuliani kwake. Atakayekaidi asimlaumu mtu.

Tangazo hili zito lilisomwa na Saif, mwanafunzi wa kidato cha tatu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na likasikilizwa na mbuzi mmoja aliyekuwa akitafuna boksi.

Ilikuwa saa ile ya baada ya chakula cha mchana ambapo Kuze nzima hulala. Madirisha yalikuwa yamefumba macho. Harufu ya wali wa nazi ilizurura vichochoroni ikitafuta nyumba ilikotoka. Saif alikuwa likizoni kutoka shule ya bweni huko bara, ambako mtu hali wala halali ila kwa kengele na foleni. Muhula mzima alizilaani foleni zile. Alipofika nyumbani aliziota. Na pale njia panda hapakuwa na foleni wala kengele. Vichochoro vinne vilikutana kwenye kona zisizoonana, kila dereva akipiga honi, akisoma bismillahi na kujitupa. Juzi tu Bi Shariffa, bibi yake Saif, alirukia baraza la nyumba ya watu kuikwepa pikipiki, na tangu aolewe hakuwa amerukia kitu.

Basi Saif alichukua masinia manne ya bibi yake kutoka uvunguni, yale makubwa ya kupakulia pilau, akayapaka rangi nyekundu iliyobaki mlango ulipopakwa, na katikati ya kila moja akaandika kwa rangi nyeupe: SIMAMA. Alama ya kweli ina pembe nane. Pembe zilimshinda, akaridhika na duara. Nyuma ya kila sinia palikuwa na maandishi ya zamani. Alipoyapigilia misumari kwenye kona nne, maandishi hayo aliyaelekeza ukutani, kama mtoto mtukutu anavyogeuzwa uso. Kanuni zenyewe alizichora kwa chaki chini ya kila sinia, kisha akapanda ghorofani na kikombe cha chai kungoja Kuze iamke.

Kuze iliamka, ikasimama.

Hakuna aliyeuliza alama zimetoka wapi. Zilikuwa nyekundu na zilikuwa zinaamrisha. Zingetoka wapi tena kama si serikalini? Ngowa, mwenye mkokoteni wa maji, alisoma kila neno, akatazama kulia, akapita kwa mwendo wa bwana harusi. Tuktuk zilifika, zikanguruma kidogo, zikatulia kama paka wakipakatwa. Na kwa kuwa watu walikuwa wamesimama, waliamkiana, na kwa kuwa waliamkiana, waliulizana habari za nyumbani. Siku zikapita hivyo. Saif, kidevu juu ya kizingiti cha dirisha, alitazama mji wote ukienda polepole chini yake kama unaotembea ndani ya maji ya joto, na mara nyingine hakujua kama yuko macho.

Alasiri moja walifika wanne kwa mpigo.

Upande wa chini alikuwa Gunga na tuktuk yake. Yaani, tuktuk ya Ami Yeslam, ambayo Gunga aliiendesha. Kuliani kwa Gunga alikuwa Ami Yeslam mwenyewe ndani ya gari lake jeupe. Kuliani kwa Yeslam, Ngowa na maji. Kuliani kwa Ngowa, Jamaldin na trei za mayai zilizofungwa nyuma ya pikipiki. Na kuliani kwa Jamaldin, tukizunguka hadi tulikoanzia, Gunga.

Kila mmoja akatazama kulia, akamwona mtu, akangoja. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Paka akapita katikati, peke yake mwenye haki. Ngowa aliketi juu ya mkokoteni wake. Kwa Saif dirishani, ukimya ule ulikuwa mzuri kuliko alivyowahi kuuota.

Adabu ndiyo iliyouvunja.

"Pita, kaka," Gunga alimwambia Jamaldin.

"Wapi. Wewe umebeba abiria."

"Nimebeba magunia. Pita, mayai hayapendi jua."

"Sithubutu. Tafadhali, tangulia wewe."

Sasa, kila aliyelelewa pwani anajua kwamba ukikaribishwa utakataa mara mbili, lakini ya tatu utakubali, maana kukataa ya tatu ni kumvunjia mtu heshima.

"Hebu, kwa hisani yako," alisema Gunga.

"Kwa hisani yako wewe," alisema Jamaldin.

Ilikuwa ya tatu kwa wote wawili. Wote wawili walikubali.

Hawakugongana kwa kishindo. Tuktuk iliigusa pikipiki ubavuni, pikipiki ikaegemea ukuta, na mayai yakashuka taratibu, trei baada ya trei, hadi mawe ya kichochoro yakang'aa manjano. Hakuna aliyeumia. Ila kioo cha tuktuk kilikuwa kimepasuka, na Ami Yeslam alikuwa ameshuka garini.

"Gunga. Alama ile huioni?"

"Nimeiona, mzee. Nilisimama. Nikakaribishwa."

"Nani aliyekuwa kuliani kwako?"

Gunga aliinamisha kichwa. "Ni wewe, mzee."

"Na sheria inasema nini? Sina haja na dereva asiyejua kusoma ukuta. Lete ufunguo."

Gunga alianza kuufungua ufunguo kutoka kwenye uzi wa shanga aliousuka bintiye, Kadzo. Fundo lilikuwa gumu, naye hakuwa na haraka nalo. Tuktuk ile ndiyo iliyowalisha.

Saif, aliyekuwa ameteremka kama mtaalamu anayekuja kukagua, alikohoa. "Ami Yeslam, pengine kanuni yenyewe ina dosari. Wakifika wanne, kila mmoja ana mtu kuliani..."

"Serikali imepima, imeandika, wewe mtoto wa likizo utaikosoa?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Saif alifungua kinywa, akaona shanga za Kadzo zikiteleza vidoleni mwa Gunga, akakifunga kinywa.

Lakini pikipiki ilipoegemea ukuta ilikuwa imelegeza msumari. Sinia la upande ule lilitikisika, likaanguka, likasimama kwa ukingo wake na kuanza kubingirika. Lilipita katikati ya mayai, likaimba juu ya mawe, likazunguka polepole mara nyingine tena, likalala kifudifudi mbele ya baraza alipokuwa amesimama Bi Shariffa.

Masinia ya harusi hayakai nyumbani. Huazimwa mtaa hadi mtaa, ndiyo maana kila mwenye lake huliandika mgongoni ili lijue njia ya kurudi. Bi Shariffa aliinama, akasoma mwandiko wake mwenyewe: *Shariffa, Kuze. Lirudi baada ya harusi.*

Alinyanyua macho, akamtafuta mjukuu wake bila papara.

"Saif," alisema, "harusi ilikuwa ya nani?"

"Hapakuwa na harusi, Bibi."

Kisha yakamtoka yote: masinia, rangi, chaki, na ile kanuni ya kulia aliyoinakili bila kufikiri itakuwaje wakifika wanne. "Gunga hana kosa, Ami. Nilijua hivyo ulipodai ufunguo, nikanyamaza."

Yeslam, aliyekuwa amekabidhiwa ufunguo na uzi wake baada ya fundo kukataa kufunguka, alimrudishia Gunga pamoja na shanga zake. Kioo na mayai, alisema, angeyazungumza na nyumba ya Shariffa.

Mpaka hapo ningeishia, nikimwacha Saif ajitetee mwenyewe huko aliko. Lakini Bibi amesimama nyuma yangu akisoma, na amesema, "Huyo Saif unayemsimulia kwa mbali, mwambie masinia matatu bado mekundu."

Naam, Bibi. Ni mimi. Nasugua.