Namba Kumi na Nne

Alinishika mkono wa koti wakati namfunga utepe mweusi.

"Verlene," akasema, "kifua changu."

Nilikuwa nimepiga magoti kando yake, kwenye sakafu ya mbao ya ukumbi wa michezo, saa ya kupimia muda ikining'inia shingoni mwangu. Zilibaki sekunde kumi na moja. Nikamwinamia karibu kabisa, kama mtu anayetaka kumbusu, nikamnong'oneza sikioni.

"Dada Oleta, wewe umeshakufa. Maiti haiongei. Mtahini anatutazama."

Akaniachia. Akafumba macho. Alikuwa mtu mtiifu maisha yake yote.

Nilirudi shule nikiwa na miaka hamsini na tatu. Miaka miwili kabla ya hapo kimbunga kilipita mjini kwetu, Oklahoma, kikaacha makao ya wazee nilikokuwa mpishi kama sanduku la karatasi lililokanyagwa. Nilisimama kwenye matofali yaliyovunjika nikiwa bado nimeshika upawa wa supu. Kisha wakafika watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa, wametulia, kila mmoja akijua aanzie wapi. Usiku ule nilimwomba Bwana kitu kimoja tu: nifanye nami niwe mtu anayejua aanzie wapi. Miaka miwili baadaye, mwezi Agosti, nikajiandikisha chuoni, masomo ya jioni, shahada ya usimamizi wa maafa na usalama wa taifa.

Darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote, isipokuwa mwalimu wetu, Kapteni Haskett, zimamoto mstaafu. Vijana walinitania kwa sababu sikuanza mtihani wowote bila kuinamisha kichwa.

"Mama," Colby alizoea kuniuliza, huyu alikuwa ametoka jeshini na alikaa nyuma yangu, "leo Mungu amekuambia swali gani litatoka?"

"Ameniambia nisome. Wewe hakukuambia?"

"Mimi namba yangu hana."

Nilicheka nao. Lakini nyumbani nililia juu ya vitabu. Hesabu za takwimu zilinishinda mara mbili, na muhula wa mwisho Kapteni aliniita, akaniambia bila kuzunguka kwamba nisipofanya vizuri sana kwenye zoezi kuu, sitahitimu. Nikafunga siku tatu, maji tu, nikiomba zoezi lile.

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Bomu limelipuka kwenye maonyesho ya wilaya. Majeruhi arobaini wamelala ukumbini. Majeruhi ni watu wa kujitolea, wazima wa afya, waliopakwa damu ya rangi. Kila mmoja amevaa kadi shingoni, na kadi ndiyo inayosema hali yake: anapumua mara ngapi, mapigo yakoje, anajibu au hajibu. Mwanafunzi ana sekunde thelathini kwa kila mtu. Anasoma kadi, anafunga utepe: kijani kwa anayetembea, njano kwa anayeweza kusubiri, nyekundu kwa asiyeweza, nyeusi kwa aliyekwisha. Kapteni alituimbisha muhula mzima: soma kadi, usisome uso. Nyuso zinadanganya, watu wa kujitolea wanachekacheka, wanapiga chafya. Kadi haipigi chafya.

Nilipewa kazi ya kutafuta watu na kuwapa maelekezo. Nikasimama kanisani Jumatano, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Dada Oleta, mpiga kinanda wetu, mwenye miaka sabini na mmoja. Alipewa kadi ya mguu uliovunjika, mgonjwa wa kupiga mayowe. Alifurahi kama amepewa gauni jipya.

"Nitalia," alisema, "mpaka huyo Kapteni wako ajute kuzaliwa."

Jumamosi ile asubuhi nilimwona akipanda ngazi za ukumbi. Alisimama mara mbili, ameshika reli, akijifanya anatazama miti. Nikamhurumia. Naapa ilikuwa huruma. Nikaenda mezani, nikambadilishia kadi.

"Wewe sasa ni maiti, dada. Namba kumi na nne. Utalala tu, hutachoka."

"Maiti!" Alinikazia macho. "Verlene, nimefanya mazoezi ya kulia wiki nzima. Delmar amehamia kulala kwenye kochi."

"Kwa ajili yangu. Unajua ninavyoihitaji siku hii."

"Haya." Akajivika kadi, akairekebisha kama mkufu. "Lakini ni kupoteza kipaji."

Nilikuwa na robo saa ya kuwapa maelekezo na karatasi yenye mistari saba. Mstari wa saba ulikuwa huu: anayeumwa kwelikweli aseme mara tatu, "la kweli, la kweli, la kweli," na mwanafunzi atakayesikia apige filimbi, zoezi lisimame pale pale. Nikaona nianze na sala. Tulishikana mikono, watu arobaini na mimi, na Roho akanijia kwa nguvu. Nikaombea wilaya, nikaombea wazima moto, nikaombea shahada yangu. Wengine walilia. Nilipofumbua macho zilikuwa zimebaki dakika mbili. Nilisoma mistari minne, king'ora kikalia, nikaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Kwa hiyo aliposema "kifua changu", hakusema la kweli. Hicho ndicho kilichonijia akilini, Mungu anisamehe: hajasema la kweli. Angelijulia wapi?

Kadi ilisema hapumui. Alikuwa akinipumulia usoni, pumzi fupi zenye harufu ya peremende. Nami nikaandika kwenye fomu: hapumui.

Wenye utepe mweusi walibebwa hadi kona ya chini ya goli la mpira wa kikapu, wakafunikwa shuka. Hiyo ni kanuni: ukishamfunga mtu utepe mweusi, usirudi kwake tena. Anayerudi kwa waliokufa anawaibia muda walio hai, na kila akirudi anakatwa alama tano. Kuna wakati nilitazama upande ule. Shuka ya namba kumi na nne ilikuwa ikitikisika kidogo. Nikawaza, anacheka.

Zoezi lilichukua saa moja na dakika kumi. Baadaye tukakaa duara, kama ilivyo desturi, na desturi ni kwamba kila mtu aanze na jambo moja lililokwenda vizuri kabla hajalaumu chochote. Colby alisema machela. Kapteni akanigeukia.

"Na wewe, Verlene?"

"Namba kumi na nne," nikasema, kwa fahari. "Alijaribu kunitikisa pale mwanzo, lakini baada ya hapo hakutoka kwenye nafasi yake mpaka mwisho."

"Basi tumpigie makofi," Kapteni akasema. "Wafu, inukeni!"

Darasa zima likapiga makofi. Kule kwenye kona shuka zikaanza kusogea. Mmoja akakaa, akapiga miayo. Mwingine akafuta damu ya rangi kwa mkono wa shati, akauliza kama sandwichi za kuku bado zipo. Wakainuka mmoja mmoja, wanacheka, wanajinyoosha, wanasaidiana kusimama. Nilihesabu wanane. Wenye utepe mweusi walikuwa tisa.

Makofi yaliendelea kidogo, kisha yakapungua.

Aliyekimbia wa kwanza ni Colby. Alipiga magoti, akafunua shuka, na hakusoma kadi. "La kweli!" akapaza sauti. "La kweli! La kweli!" Mimi ndiye niliyekuwa na filimbi. Sikuweza kuifikisha mdomoni.

Daktari alisema moyo. Alisema huenda wangemwahi, huenda wasingemwahi. Chuo kiliita ajali. Hakuna aliyeniuliza mstari wa saba, na karatasi niliichoma kwenye sinki la jikoni. Nilipata alama ya juu kuliko wote darasani. Katika ripoti, chini ya yaliyokwenda vizuri, maneno yangu ya kwenye duara yaliandikwa yalivyo, kwa sababu mwandishi wa kumbukumbu aliyanakili kabla mtu hajajua. Niliomba yafutwe. Kapteni alisema kumbukumbu haifutwi.

Siku nne baada ya mazishi nilimpelekea Kaka Delmar, mumewe, sahani ya viazi na jibini. Nilikuwa nimeomba njia nzima, na nilikuwa na maneno tayari: nilimbadilishia kadi, alinishika, alinitajia kifua. Alinifungulia akiwa na soksi tu. Mto wake ulikuwa bado kwenye kochi.

"Nilimfukuza chumbani wiki nzima kwa ajili ya yale mayowe," alisema. "Hapana, ni yeye aliyenifukuza mimi. Jirani alikuja kugonga mlango, akidhani namuua." Alicheka, kisha akashindwa kuendelea. Akaipokea sahani, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

"Niambie jambo moja tu, Dada Verlene. Alilia vizuri?"

Sahani ilikuwa ya moto. Niliona vidole vyake vikiwa vyekundu, wala hakuiweka chini.

"Alilia vizuri sana, Kaka Delmar."

"Walimsikia?"

"Ukumbi mzima," nikasema. "Walimsikia wote."