Mzigo wa Bwana Int

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye kikao cha nidhamu na kisanduku cha bati kilichovaa tai.

"Naitwa Bwana Int. Kazi yangu ni kubeba namba," kinasema. "Wewe ndiye uliyeandika kijitabu cha wanaoanza kuprogramu zile bodi ndogo za kielektroniki?"

"Ndiye mimi," najibu kwa maringo. Nilikiandika kwa ajili ya wanafunzi wangu wa chuo cha ufundi, na nakipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

"Soma ukurasa wa tisa."

Nasoma: "Int, yaani kisanduku cha kuhifadhia namba ndani ya programu, hubeba namba nzima yoyote."

"Yoyote? Uliwahi kuniuliza?"

Sikuwahi. Nilisingizia kwamba mwanafunzi mchanga asichoshwe na mipaka. Ukweli ni uvivu tu.

Ghafla tuko uani kwa Siwema, mwanafunzi wangu, mbele ya mashine ya kuangulia vifaranga aliyoiunda kwa kufuata ukurasa huohuo. Ina taa, bodi, kioo kidogo cha kuonyesha namba, na mayai arobaini ya bibi yake. Mashine inahesabu sekunde tangu iwashwe. Sekunde zenyewe zinaingia ndani ya Bwana Int moja moja, zikijifuta miguu mlangoni.

"Elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba," anahesabu akihema. "Nimejaa."

"Sogea kidogo. Kijitabu kinasema una nafasi."

"Kijitabu ni chako, mbavu ni zangu."

Sekunde nyingine inabisha hodi. Nami, mjinga, naikaribisha. Bwana Int anapinduka, miguu juu, na hesabu inakuwa hasi elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na nane. Taa inazimika, maana mashine sasa inadhani haijawashwa bado. Jogoo wa jirani anarudi ndani ya yai akinung'unika kwamba alikuwa ameshazoea huku nje. Mimi nimevaa kaptula ya shule ya msingi.

Siwema anakuja na yai shavuni. "Mwalimu, linapoa."

Naona aibu, ile ya kutamani ardhi ipasuke. Pembeni kuna jitu limeegemea ukuta, linatafuna muhindi wa kuchoma.

"Naitwa Long," linasema. "Nabeba hadi bilioni mbili na ushee. Hukunitaja, nikaona nisijipendekeze."

Niliamka jua limeshatoka, nikajicheka. Mtu mzima, kutishwa na kisanduku! Kisha nikafungua simu.

"Shikamoo Mwalimu," aliandika Siwema. "Taa ya mashine imezimika yenyewe. Ilipozimika, kioo kilionyesha -32760. Nimeyafunika mayai kwa khanga ya bibi, bado yana joto. Nimekosea wapi?"

Nikamjibu papo hapo. "Marahaba. Hukukosea wewe, nimekosea mimi, ukurasa wa tisa. Futa int, andika long, washa upya. Haraka!"

Nilikaa kitandani na simu mkononi, bila hata kunawa uso. Dakika kumi baadaye akajibu:

"Imewaka, Mwalimu! Ila nani kaacha gunzi la muhindi juu ya mashine?"