Nyuki wa Ukurasa wa Tisini na Saba

Mume wangu ni seremala, mtu wa maneno machache. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa ametoa amri moja tu. Siku alipopigilia rafu ya mwisho, ile iliyopita juu ya mlango wa choo kwa sababu kuta nyingine zote zilishajaa, alishuka kwenye ngazi, akafuta jasho, akasema, "Mama watoto, ukuta umeisha. Kuanzia leo kikiingia kimoja, kimoja kitoke."

Nikasema sawa. Sawa ya mdomoni.

Mimi nafanya kazi posta, dirisha la vifurushi. Kwa mtu mwenye ugonjwa kama wangu, hiyo ni sawa na mlevi kukabidhiwa funguo za baa. Vitabu naviagiza vije dirishani kwangu, navipokea mwenyewe, natia sahihi mwenyewe, halafu juu ya karatasi ya kaki naandika kwa kalamu nene: VIPURI VYA CHEREHANI. Nafika nyumbani na kifurushi kwapani, nampita mume wangu akipiga randa barazani, naingia zangu ndani. Mwezi uliopita vipuri vilikuwa saba: viwili vya upelelezi, kimoja cha mapenzi chenye jalada la kuonea haya, kamusi ya ndege ambayo siihitaji kabisa, kimoja nilichokipenda kwa harufu yake tu, na viwili ambavyo hata leo sijui kwa nini nilivinunua. Baba watoto aliinua macho akauliza kwa upole, "Hiyo cherehani yenyewe tutaiona lini?" Nikajifanya sijasikia.

Msinihukumu bado. Kununua kitabu na kukisoma ni kazi mbili tofauti, na mimi ile ya kwanza naimudu zaidi. Ya pili ndiyo iliyoniponza.

Kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi, gazeti letu la wiki limekuwa likichapisha safu yangu ya uhakiki wa vitabu. Malipo yake hayafai hata kutajwa. Lakini juu ya safu ile kuna jina langu kamili, kwa herufi nzito, na posta mimi ni Dirisha Namba Tatu tu. Ukininyang'anya safu ile umeninyang'anya jina. Na kwa kuwa kila wiki lazima niandike, nilijiwekea utaratibu: kurasa chache za mwanzo, kumi za katikati, mbili za mwisho. Nauita kuonja chumvi. Nani kakwambia mpishi hula sufuria nzima ndipo ajue kama mchuzi umekolea?

Basi kikaja kitabu cha mwalimu mmoja wa hesabu, kitabu chake cha kwanza, kuhusu ndugu wawili wanaogombea nyumba ya baba yao. Nikaonja mwanzo: mtamu. Nikafungua katikati: nyuki. Mzinga uwekwe mbali na njia ya watu. Malkia asisumbuliwe. Asali irinwe kwa moshi mdogo. Kurasa kumi nzima za nyuki! Nikasema moyoni, lo, huyu mwanamke ana ujasiri! Ugomvi umepamba moto, yeye anakuachia nyuki! Mwishoni ndugu walikuwa wanakunywa chai pamoja, nikajua wametulizwa na nyuki. Jumamosi nikaandika kwa mbwembwe zote: "Hakuna aliyewahi kuwatumia nyuki kwa ustadi kama huu. Nyuki hawa ni sisi."

Wiki mbili baadaye mhariri akanipigia simu. Mhariri wetu hukohoa kabla ya habari mbaya, na siku hiyo alikohoa mara tatu.

"Dada, yule mwandishi yuko hapa ofisini. Anasema kwenye kitabu chake hakuna nyuki hata mmoja."

"Wapo! Nimewaona kwa macho yangu!"

"Watu wamekinunua kwa ajili ya nyuki, sasa wanakirudisha dukani, wanadai wamedanganywa. Leta nakala yako kesho saa nne. Usipoleta, safu nampa yule kijana wa mpira."

Kijana wa mpira! Mtu anayeandika "mtanange" mara sita kwenye aya moja! Niliiacha simu ikining'inia.

Nyumbani nilipekua rafu zote mpaka ile ya juu ya choo. Kitabu hakipo. Nikatoka barazani nikihema.

"Baba watoto, kitabu cha ndugu wawili, chenye jalada la kijani, kiko wapi?"

Hakuacha hata kupiga randa. "Vipuri saba viliingia. Saba vikatoka. Viko kwa mdogo wangu."

Mungu wangu. Kumbe miezi yote hiyo mtu huyu, ambaye sijawahi kumwona akisoma kitu zaidi ya rula, alikuwa akitekeleza amri yake kimyakimya. Sikuwa na muda wa kugomba. Nikavaa kandambili zisizofanana nikakimbia.

Shemeji yangu ni kinyozi, na kibanda chake kina benchi moja la wateja. Nilikuta vitabu vyangu vimepangwa juu ya benchi vizuri kuliko kwangu. Kile cha kijani kilikuwa mikononi mwa mzee aliyekaa kitini, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado.

"Shemeji, karibu! Umekuja kupunguza?" shemeji akaniuliza, mashine ikivuma hewani.

"Koma. Nimekuja kuchukua kitabu changu."

"Mama, nimebakiza kurasa nne," mzee akasema bila kuinua macho.

"Mbili za mwisho hizo nimezisoma mimi. Mwishoni wanakunywa chai."

Mzee akanitazama kwa chuki ambayo sijaiona tangu nianze kazi ya dirishani. Nikakichomoa mikononi mwake, nikakitia kwenye mfuko, nikaondoka huku shemeji akicheka mpaka akakaa chini. Sikukifungua. Nia yangu ilikuwa kitu kimoja tu: mwandishi awaone nyuki, ajue ni kosa la kiwanda cha uchapaji, aniombe radhi. Njiani nilijizoeza hata namna ya kuipokea radhi yenyewe, kwa kuinamisha kichwa kidogo.

Kesho yake saa nne kamili niliingia ofisini kifua mbele. Mhariri alikuwa nyuma ya meza yake, na mwandishi kando, mwanamke mdogo wa umbo, mkoba magotini. Nikakiweka kitabu mezani.

"Katikati hapo. Jionee mwenyewe."

Akakifungua taratibu. Nikamwona akisoma chini ya ukurasa wa tisini na sita, kisha juu ya tisini na saba. Nyusi zikapanda.

"Ni kweli," akasema. "Wamefungia humu kurasa za kitabu kingine. Thelathini na mbili zote. Pole, mama. Nyuki wapo."

Nikainamisha kichwa kidogo, kama nilivyojizoeza. Mhariri hakukohoa. Nilishaokoka, wallahi nilishaokoka!

"Ila hapa kuna mtu ameandika," mwandishi akaendelea, akakisogeza kitabu kwenye mwanga wa dirisha. "Kwa penseli nene."

Penseli ile naijua, bapa, nyekundu, hukaa nyuma ya sikio la mtu nyumbani kwangu. Mwandishi akasoma kwa sauti ileile ya kufundishia hesabu:

"'Kiungo hiki kibovu. Sentensi imekatwa katikati, kurasa hizi si za humu. Mama watoto hajafika hapa. Angefika, angepiga kelele nyumba nzima.'"

Mhariri akakohoa, mara nne.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ningeweza kusema hiki na kile, mdomo ninao. Lakini yule mwanamke alinitazama bila hasira, na hapo ndipo paliponiuma.

"Nimekiandika miaka minane," akasema. "Kaka mkubwa anachukua panga, anamwendea mdogo wake, hapo ndipo nyuki wameingia. Hukutaka kujua alimfanya nini?"

Mhariri alishaanza kutafuta namba ya kijana wa mpira. Mwandishi akamzuia kwa mkono. Akatoa mkobani nakala nyingine, nzima, akaniwekea mbele. "Asome. Chote. Aandike upya. Na huyu mwenye penseli atie sahihi chini kwamba amesoma. Akishindwa, mpe huyo wa mpira."

Nikasoma siku tatu, mezani, baba watoto kaketi mbele yangu akipiga msasa mguu wa kigoda na kunitupia jicho kila nilipogeuza karatasi mbili pamoja. Alisema mara moja tu kwamba vitabu vyangu vyote huvisoma karakanani, saa ya mapumziko, na kwamba hakitoki kitabu asichokimaliza. Nilimjibu "mnafiki mkubwa wewe", lakini sauti haikuwa na nguvu.

Mambo yalikuwa hivi. Kaka mkubwa alikuwa ameigawa nyumba kwa kamba, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Akachukua panga, akamwendea mdogo wake, akamkabidhi kwa upande wa mpini. "Kamba ikate wewe," akamwambia. "Mimi mikono inatetemeka." Nililia, jamani. Nililia kwa ajili ya ndugu wale, na kwa miaka kumi na moja ya vitabu ambavyo nilikwenda moja kwa moja kwenye chai.

Jumamosi safu ikatoka, jina langu mahali pake. Niliandika ukweli wote, hata kandambili. Chini yake, kwa herufi ndogo, mstari mmoja: "Amesoma mpaka mwisho. Ukurasa wa mia na kumi alilia. Mimi, Seremala."

Jumatatu kikafika kifurushi dirishani kwangu. Kilikuwa na jina la mume wangu, na juu yake, kwenye bahasha aliyoituma mwenyewe ili wamrudishie mzigo ndani yake, alikuwa ameandika kwa penseli nene: VIPURI VYA RANDA. Randa ina ubao, kisu na kabari. Vipuri vyake havinenepi hivyo.

Jioni nikampelekea barazani. Akaona haya, akaichana karatasi pembeni. Jalada la njano, mzinga katikati: kitabu kizima cha ufugaji wa nyuki.

"Nilitaka kujua walimalizia wapi," akasema. "Ukitaka, nikimaliza nikupe ukihakiki."

"Hicho?" nikamwambia. "Hicho nilishakihakiki."