Miba ya Samaki wa Padri Bortolo

Parokia ya jirani walimtoa mwanamke wa padri wao hadharani, wakamchapa, wakamfukuza kabisa kutoka bondeni. Kwa hiyo mimi, mwanamke wa padri wetu Bortolo, niliposikia mjumbe wa Askofu anapanda kuja kwetu kutukagua, niliona zamu yangu imefika. Nilihamishia nguo zangu kwa dada yangu, nikajitandikia pa kulala jikoni.

"Menega, mbele yake mimi ni Baba Padri tu," Bortolo alinionya, midomo imemkauka. "Wewe unapika, basi."

"Kwani miaka yote hii nani alikuwa anapika?" nilimjibu.

Ijumaa mjumbe akaketi mezani kwetu, mkavu kama ukuni, akiuliza kila kitu kwa upole uliotisha. Nikaleta samaki wa mtoni. Nikamwekea yeye, nikamwekea Bortolo. Kisha, Mungu wangu, vidole vyangu vikaanza vyenyewe kumtolea Bortolo miba, kama kila Ijumaa tangu mwiba ulipomkwama kooni nusura afe.

Mjumbe akaweka kisu chini.

"Padri, huyu mama ni nani kwako?"

Moyo ulinidunda hadi masikioni. Bortolo hakunitazama.

"Huyu? Kibarua tu, Mheshimiwa. Ameanza wiki hii. Hata jina lake sijalishika vizuri."

Hofu yote ikanitoka. Nikaikusanya ile miba, nikairudisha kwenye sahani yake, nikaichanganya na mnofu.

"Samahani, Baba," nikasema. "Hii si kazi ya kibarua."